Mwenyekiti wa Kijiwe Aliniamkia Shikamoo

Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, mwenye ndevu na watoto wanne, aliniamkia shikamoo.

Mimi. Binti wa miaka ishirini na mbili.

Aliniamkia mchana kweupe, mbele ya waendesha boda kumi na saba, pale kijiweni kwetu Kibaha. Walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye siti ya pikipiki yake akakaa chini.

Nililia siku ile. Nikamchukia yule mtu mwezi mzima.

Kumbe nilikuwa namchukia kwa sababu isiyo yenyewe. Sababu yenyewe ilikuwa mbaya zaidi.

Naitwa Stellamaris. Kwetu ni Marui, Kisarawe. Shule niliishia darasa la tano, mama alipougua na mtu wa kubaki naye nyumbani nikawa mimi. Kusoma najua, ila nasoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Pikipiki ndiyo najua bila kidole. Toka nina miaka kumi na tano nabeba mihogo ya baba kwenye ule mchanga wa kwetu. Mchanga wa kule haukuonei huruma. Ukishika breki vibaya, umekula chini na gunia juu yako.

Mguu wa baba ulipomgomea, aliniita.

"Pikipiki nakupa. Nenda kwa shangazi yako Kibaha. Ukipata kijiwe kabla mwezi ujao haujaisha, ni yako moja kwa moja. Ukishindwa irudi, nampa Dotto."

Dotto ni kaka yangu. Ameshapewa pikipiki mbili maishani mwake. Moja iko mtoni, nyingine sijui iko wapi.

Nikaja Kibaha.

Tatizo langu moja, siongei. Watu wakizidi watatu sauti yangu inajificha, siioni tena mpaka nifike nyumbani.

Siku ya kwanza naenda kuomba kijiwe kulikuwa na manyunyu. Nikajitanda kitenge cha shangazi Tereza, kile cha akina mama wa parokia, cha njano ya kuumiza macho. Shangazi ana miaka sitini na kitu, na kile kitenge havui. Mtaa mzima unamjua kwa kitenge.

Nikasimama hatua kama kumi kutoka kwenye pikipiki zao. Mwenyekiti, Castory, akanigeukia.

"Shikamoo mama."

Nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

Joel, rafiki yake, ndiye alianza kucheka. "Mwenyekiti, mama wa nani huyo? Hako si katoto!"

Castory alikunja macho kidogo. Kidogo tu. Halafu akacheka kuliko wote.

"Si nimemwamkia mama mkubwa wa boda? Amekuja kutufundisha kazi huyu! Shikamoo mama!"

Na wengine wote wakadakia. Shikamoo mama. Shikamoo mama. Nikasema jina langu, ninakotoka na shida yangu kwa sauti ya mbu.

"Hapa hatupokei mtu ambaye hajapita chuo," Castory akasema. "Lete cheti cha mafunzo ya udereva wa pikipiki kabla orodha ya mwezi ujao haijaenda halmashauri. Ukileta, nakuandika mwenyewe kwa mkono wangu, nakupa reflekta ya kuvaa yenye namba. Wote mmesikia?"

Wakasema wamesikia.

"Na chuo wanataka cheti cha darasa la saba. Unacho?"

Nikatikisa kichwa.

"Unacho au huna? Sema!"

"Sina."

"Basi rudi Kisarawe ukamenye mihogo."

Nilifika nyumbani nimelowa, na si kwa manyunyu peke yake. Shangazi akaniuliza nani kanifanyia hivyo. Nikamwambia Castory. Akashangaa. "Castory? Mbona kijana wa heshima? Kila siku ananiamkia kutoka mbali."

Castory ndiye alikuwa anampeleka shule mjukuu wa shangazi, Anjela, wa darasa la kwanza. Yeye na watoto wengine wawili, kila asubuhi, kwenye pikipiki moja.

Kabla sijafika Kibaha walikuwa wameanguka mtaroni. Anjela alishonwa nyuzi tatu kidevuni. Castory alisema mbwa alikatiza. Anjela alisema hakukuwa na mbwa, na shangazi akamfinya sikio. "Mtoto hamkanushi mkubwa."

Hayo niliyasikia yakapita. Nilikuwa na yangu.

Wiki tatu nikafua, nikapika, nikaifuta vumbi pikipiki isiyokwenda popote. Mwezi wa baba ukaanza kunisogelea. Jumatano moja nikajisemea, ngoja niende hicho chuo. Wanifukuze wao wenyewe, si Castory kwa niaba yao.

Foleni ilikuwa ndefu. Trafiki walikuwa wametangaza msako, asiye na mafunzo asionekane barabarani, kwa hiyo vijiwe vyote vilihamia pale. Mbele yangu kidogo, nani? Castory na Joel.

"Mama mkubwa, shikamoo!" Joel akapiga kelele.

Nikageukia ukuta. Ukutani kulikuwa na tangazo ndani ya nailoni. MASHARTI YA KUJIUNGA. Nikaanza kulisoma, ili nisimwangalie mtu. Nilianza mstari wa kwanza nikiwa mtu wa kumi na moja. Nimemaliza, nimefika dirishani.

Dirishani alikaa dada mmoja anaitwa Fadhila, ana kucha ndefu na hasira fupi.

"Cheti cha darasa la saba."

"Sina."

"Sikusikii."

"Sina, madam."

"Uliishia la ngapi?"

"La tano."

Akachungulia dirishani awaangalie wenzangu. "Jamani, la tano! Na huyu naye anataka akasome alama za barabarani!"

"Mpeni za picha!" mtu akasema.

Castory alikuwa ameshapokelewa fomu zake, amesimama pembeni. "Madam, nilimwambia mapema. Kichwa hakisikii."

Sijui nini kilinipanda. Nilinyoosha kidole kwenye lile tangazo.

"Pale hawajaandika hivyo."

"Unasemaje?"

"Pale. Hawajaandika darasa la saba."

Fadhila akacheka kwa pua. "Haya, msomi. Tusomee."

Nikaweka kidole kwenye nailoni.

"Mwombaji... awe na umri wa miaka... kumi na minane au zaidi."

Kicheko.

"Awe na namba ya NIDA. Awe na leseni ya muda... ya kujifunzia."

Kicheko. Mmoja akawa ananiiga, anasoma kama mimi, anavuta maneno.

"Ajue... kusoma na kuandika."

Hapo hawakucheka sana. Nikaendelea kwa kuwa sikujua namna ya kuacha.

"Picha ndogo mbili. Viatu vya kufunika. Kofia ngumu yake mwenyewe. Cheti cha macho... cha hospitali... kisichozidi siku thelathini."

Aliyekuwa ananiiga akaacha.

Halafu nikasikia karatasi. Foleni nzima ilikuwa inafungua bahasha kuangalia tarehe. Watu miaka mingi wanaendesha, wanaambizana masharti kwa mdomo, hakuna aliyewahi kusimama pale akasoma. Vyeti vyao vya macho vilikuwa vya mwaka jana, vingine vya mwaka juzi.

Fadhila alivimba kwa hasira. Alinichukia pale pale, kisha akatafuta na mwingine wa kumchukia.

"Sawa! Kama ni tangazo, ni tangazo kwa wote! Cheti cha macho kilichopita siku thelathini, hakuna! Castory, njoo uchukue fomu zako! Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa sita. Mafunzo Jumatatu. Asiyewahi, asubiri miezi mitatu!"

Castory aliondoka pale bila kuniangalia. Joel ndiye alinisogelea mpaka nikanusa sigara yake.

"Umeridhika, mshamba wewe?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa hospitali, kwenye benchi la macho.

Na wao walikuwepo. Castory amekaa ameinamisha kichwa. Joel anamnong'oneza, yeye anarudia.

"H, N, T, O."

"V."

"V. Halafu A, L."

"Mstari wa chini?"

"C, D, Z... nini?"

"P! Castory, P! Nimekwambia mara ngapi?"

Nikadhani ni mkeka. Nikadhani wanabeti mpira na herufi ni timu. Nikatamani uchanike.

Nikaitwa kabla yao. Mtaalamu wa macho, Wilfred, alikuwa mzee mpole mwenye koti jeupe. Mlango uliachwa wazi kwa joto.

"Simama kwenye ule mstari. Ziba jicho moja. Nisomee herufi."

Nilikuwa naziona zote, mpaka jina la kiwanda lililochapwa pembeni chini. Lakini nyuma yangu nilisikia Joel, "Sikilizeni sasa, anasoma msomi wa la tano," na benchi zima likacheka.

Sauti ikajificha.

Wilfred akasubiri. "Huzijui, binti?"

Nikashindwa hata kusema nazijua.

"Usijali." Akaligeuza lile bango. Upande wa pili hakukuwa na herufi za kusoma. Kulikuwa na alama moja tu, kama meza yenye miguu mitatu, imelazwa kulia, kushoto, juu, chini. Mistari kwa mistari, inazidi kuwa midogo.

"Hapa huongei. Nionyeshe kwa mkono tu, miguu ya meza imeelekea wapi."

Hilo niliweza. Kulia. Juu. Kushoto. Chini. Mpaka mstari wa mwisho, jicho moja, halafu la pili.

"Macho ya mwewe haya," akasema. "Kaa pale nikuandikie."

Nikakaa kwenye kiti cha ukutani. Alikuwa anatafuta muhuri wake wakati Castory alipoingia bila kuitwa.

"Daktari, naomba unisaidie haraka, nina abiria."

"Simama mstarini. Ziba jicho moja."

Castory akasimama. Akaziba jicho. Akainua kidevu kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

"H! N! T! O! V! A! L!"

Kalamu ya Wilfred ikasimama.

Alilitazama bango. Akamtazama Castory.

"Endelea."

"C! D! Z! P!"

"Jicho la pili."

Akabadilisha mkono. Akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, bila kukosea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, daktari."

"Ndugu yangu," Wilfred akasema taratibu, "pale ukutani hakuna herufi."

Castory alibaki na mkono kwenye jicho.

"Hakuna hata moja. Wewe unaona nini pale?"

Castory akanyoosha shingo mbele.

"Mimi unaniona?"

"Nakuona."

"Nimevaa miwani au sijavaa?"

Alichukua muda mrefu sana. Walikuwa wametenganishwa na hatua nne.

"Umevaa," akasema.

Wilfred hakuwa amevaa miwani.

Nilichukua karatasi yangu nikatoka mbio. Sikufika geti. Castory aliita jina langu, na nikamwona anakuja, mkono mmoja unagusa ukuta.

"Stellamaris. Ulichokiona humo ndani, hukukiona."

Nikakunja karatasi yangu.

"Hivi unataka nini wewe? Reflekta? Kesho asubuhi njoo uchukue. Chuo achana nacho, mimi ndiye mwenyekiti. Namba yako ipo, kijiwe unacho. Mdomo wako tu."

"Macho yako..."

"Macho yangu yamelisha watoto wanne! Barabara za hapa nazijua kwa matako, sihitaji kuziona! Ukifungua mdomo, utaipeleka hiyo pikipiki Marui ukiwa umeikokota. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuona. Ikabidi niseme, "Nimeelewa."

Nitasema ukweli. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Kitu nilichokililia mwezi mzima kilikuwa kesho asubuhi.

Mchana Anjela akarudi shule. Nilikuwa namfungulia viatu, nikaona ile alama ya nyuzi kidevuni. Nikamuuliza tu, kama mchezo.

"Anjela, yule mbwa alikuwa wa rangi gani?"

"Da Stella, hakukuwa na mbwa." Akatazama mlangoni kama bibi yake hasikii. "Nilimwambia anko, mtaro, mtaro. Akaniuliza, uko wapi?"

Kiatu kilibaki mkononi mwangu.

Ijumaa asubuhi nilimwambia shangazi, leo Anjela nampeleka mimi. Naomba na kitenge chako.

Nikajitanda ile njano. Nikamshika Anjela mkono. Nikasimama pale pale, hatua kumi. Vijana wote walikuwepo. Mama mmoja jirani yetu, Juliana, alikuwa ameshampakia mwanawe mbele ya Castory, kwenye tangi.

Castory akaona njano.

"Shikamoo mama! Mlete mtoto, tunachelewa."

Watu kumi na saba. Sauti yangu ilishaanza kutafuta pa kujificha. Nikaishika shingoni.

"Marahaba," nikasema.

Kijiwe kikafa.

Katoto kama mimi kumwitikia mtu mzima marahaba? Kwetu bora umpige kofi.

"We binti!" Joel akaruka. "Unamwitikia nani marahaba?"

Lakini Castory alikuwa amekunja uso, ananitafuta. "Nani huyo?"

Maneno mawili. Yalitosha, ila nilimaliza.

"Ni Stella. Siku ile hukunitania, hukuniona, uliona kitenge cha shangazi tu. Jana hospitali umesoma herufi kwenye bango lisilo na herufi. Na mbwa hakuwepo. Anjela alikwambia mtaro, ukamuuliza uko wapi."

Juliana hakuuliza swali. Alimshusha mwanawe kwenye tangi, akamweka mgongoni, akaondoka.

Wengine wote wakanigeukia mimi. Si yeye. Mimi.

"Unamharibia mwenzio riziki!"

"Mchawi mkubwa wewe!"

"Kumbe mlikuwa mnajua?" nikauliza.

Joel aliangalia kiatu chake.

Castory alivua helmeti akaibamiza chini, ikaruka mpaka miguuni kwa Anjela. "Reflekta hapa hupati mpaka nife! Umesikia? Mpaka nife!"

Nikamkokota Anjela mpaka shule kwa miguu. Halafu nikaenda chuo. Saa tano na nusu nilikuwa dirishani. Fadhila alikagua karatasi zangu moja moja akitafuta kosa, hakupata, akagonga muhuri kama anaua mende.

Jioni shangazi alipiga magoti mbele ya Anjela. Bibi kwa mjukuu. "Nisamehe mama. Ulisema kweli nikakufinya." Sijawahi kuona kitu kama kile.

Mafunzo yalikuwa wiki mbili. Kuzungusha namba nane kati ya koni, alama, breki zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo mchanga wa Marui ulinifundisha kinyume. Kila siku nilipita kijiweni nikienda na kurudi, na kila siku walitema mate chini.

Siku ya kupeleka orodha nilikuwa na cheti mkononi. Ilibaki siku moja pikipiki iende kwa Dotto.

Castory alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Usoni ana miwani, mizito kama vitako vya glasi. Niliambiwa Wilfred ndiye alimwandikia. Alikuwa anasubiri mafunzo ya awamu inayofuata, na mpaka hapo hakuwa anapakia mtu.

"Katokea huyu," Joel akasema. "Mwenyekiti ulisema mpaka ufe."

Castory akanyoosha mkono. Nikampa cheti.

Alikisoma chote. Juu mpaka chini, na muhuri. Taratibu, kama mimi.

"Mpaka nife nilisema," akasema. "Akileta cheti namwandika kwa mkono wangu, nalo nilisema. Lipi nililisema kwanza?"

Joel akageukia pikipiki yake.

"Cheti," akasema yeye mwenyewe. Akachukua kalamu, akaandika jina langu. Akanitupia reflekta. Namba kumi na nane.

Halafu akaniangalia usoni. Muda mrefu. Nilielewa kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijaomba," nikasema.

Ni mwezi wa tano sasa nipo pale. Hatupendani. Joel bado ananikwepeshea abiria. Watoto wa asubuhi napakia mimi, mmoja mmoja, na Anjela ndiye wa kwanza.

Nimewaza sana ile shikamoo. Siku ile angeweza kusema, samahani dada, sikukuona vizuri. Maneno manne tu. Akachagua nichekwe, kwa sababu kuchekwa kwangu kulikuwa rahisi kuliko kuonekana kwake. Mtaro wa Anjela nao ulitokana na kujificha huko huko.

Kwa wewe unayesoma, nakuachia hili tu. Masharti yakiwa ukutani, nenda kayasome mwenyewe, hata kwa kidole, hata wakikucheka. Wengi wenye sauti kubwa hawasomi. Wanakariri.

Castory siku hizi ananitambua toka mbali, hata nikijitanda njano ya shangazi.

Ananiona vizuri kabisa, na hanisalimii.